Menyu Ndiyo Jiko: Maneno kwa Wanaouza Baga na Wanaozila

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi kwenu nyote: wenye vibanda, mama lishe, vijana wa vyuo vya hoteli, na ninyi mliokuja kwa sababu mnapenda baga basi.

Mada ya leo ni makampuni makubwa ya baga ya Marekani na menyu zao. Nani anapika vizuri, nani amejisahau, na sisi wenye bamba moja la kuchomea nyama na friji moja tuchukue nini kwao. Nitasema ninavyoona bila kumung'unya maneno. Na ninavyoona ni hivi: kampuni ya baga usiipime kwa matangazo yake wala kwa foleni ya mlangoni. Isome menyu. Menyu itakwambia jikoni kuna mashine gani, nyama imelala wapi usiku, mpishi ana sekunde ngapi mkononi, na saa ya kufunga nini kinatupwa.

Twendeni kwanza San Bernardino, California. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walifungua mgahawa wao pale mwaka 1940. Menyu ilikuwa na vyakula kama 25, na wahudumu walipeleka sahani mpaka kwenye magari. Wateja walijaa. Lakini walipokaa na vitabu vya hesabu wakaona sehemu kubwa ya mauzo inatoka kwenye baga, na vingine vyote vinakula mkaa na mishahara. Mwaka 1948 wakafunga kwa miezi mitatu. Walipofungua tena mwezi Desemba, menyu ilibaki na vitu tisa: baga, baga ya jibini, soda za aina tatu, maziwa, kahawa, krispi za viazi na pai. Sahani, visu na uma vikaondoka, na kazi ya kuviosha ikaondoka navyo. Baga iliuzwa senti 15. Chipsi za moto na milkisheki vilifuata baadaye.

Kila baga ilitoka na vitu vilevile: sosi ya nyanya, haradali, kitunguu na vipande viwili vya tango la siki. Mpishi hakuulizwa kitu, kwa hiyo hakusubiri kitu. Miaka michache baadaye, walipotaka kujenga jengo jipya, walichora ramani ya jiko kwa chaki kwenye uwanja wao wa tenisi, wakawaita wafanyakazi waigize kazi: huyu anageuza nyama, huyu anapaka sosi, huyu anafunga. Palipogongana viwiko, chaki ikafutwa na meza ikasogezwa. Nyie mnaojenga kibanda kipya, hili halihitaji mtaji. Chukueni chaki na sakafu tupu kabla hamjamwita fundi wa kuchomelea.

Ray Kroc, muuzaji wa mashine za milkisheki, alikwenda kuwatazama mwaka 1954, akafungua tawi lake Des Plaines, Illinois, Aprili 1955, na mwaka 1961 akawanunua ndugu wale kwa dola milioni 2.7. Kwa maoni yangu hakununua siri ya mapishi. Alinunua menyu fupi na jiko lililopimwa kwa hatua.

Sasa tazameni kampuni hiyohiyo ilipoanza kurefusha menyu. Walijaribu piza. Piza inataka oveni yake, inakaa motoni dakika nyingi kuliko baga, na boksi lake lilikuwa pana kuliko dirisha la kuhudumia magari. Ikaondoka. Oktoba 2015 wakaanza kuuza kifungua kinywa siku nzima kote Marekani. Wateja walishangilia, na ninawaelewa. Jikoni hali ilikuwa nyingine: yai linataka bamba la moto mdogo kuliko nyama, kwa hiyo sehemu ya bamba iliyokuwa ya nyama ikawa ya mayai saa sita mchana, wakati foleni ndiyo ndefu kabisa. Machi 2020 kifungua kinywa cha siku nzima kikaondolewa, saladi nazo zikaondoka mwaka huo, na mpaka leo kampuni haijalia njaa.

Kila kitu unachoongeza kwenye menyu kinadai vitu vinne: nafasi motoni, nafasi kwenye baridi, mkono wa mtu, na mteja wa kukimaliza kabla hakijaharibika. Kikikosa kimoja kati ya hivyo, kitakuja kukidai kutoka kwenye baga yako.

Aiskrimu ya McDonald's ni mfano ambao hata watoto wa Marekani wanaujua, kwa jinsi jibu la "mashine imeharibika" lilivyozoeleka. Mashine ile huchemsha mchanganyiko wa maziwa usiku kwa muda wa saa nne ili kuua vijidudu, na mzunguko ule ukikatika inagoma mpaka urudiwe. Kwa miaka mingi wenye matawi walikuwa wanamsubiri fundi wa kampuni iliyoitengeneza, mpaka Oktoba 2024 sheria ya hakimiliki ya Marekani ilipolegezwa ili kufuli za programu za mashine za namna hiyo ziweze kufunguliwa na mafundi wengine. Basi anayetaka kuuza aiskrimu laini ajiulize kwanza fundi wake anakaa mtaa gani.

Upande wa nyama sasa. McDonald's wana saizi mbili kuu za pati, yaani kile kipande bapa cha nyama ya kusaga. Ndogo ni kumi kwa ratili, gramu 45 kila moja kabla ya kupikwa. Kubwa ni robo ratili, zaidi kidogo ya gramu 113. Ile ndogo huja imegandishwa, hubanwa kati ya mabamba mawili ya moto na kuiva kwa sekunde 40 hivi. Ni mfumo mzuri kwa kasi na usalama, lakini nyama nyembamba iliyotoka kwenye friza haipati ukoko wa maana. Tangu mwaka 2018 pati ya robo ratili katika matawi mengi ya Marekani ni nyama isiyogandishwa, inayopikwa mteja akishaagiza. Ukiniuliza niagize nini pale, nitasema hiyo, bila kusita. Big Mac, iliyobuniwa na Jim Delligatti wa Pennsylvania mwaka 1967 na kuenea nchi nzima mwaka 1968, ina pati mbili ndogo na vipande vitatu vya mkate. Ni baga ya mkate na sosi, nyama imealikwa tu.

Wendy's ndio ninaowapa heshima kubwa kwa akili ya menyu, hasa ile ya mwanzo. Dave Thomas alifungua Columbus, Ohio, tarehe 15 Novemba 1969, akiwa na vitu vitano: baga, chili, chipsi, soda, na kinywaji kizito cha maziwa baridi kiitwacho Frosty. Pati zake ni za mraba, pembe zinatokeza nje ya mkate ili mteja aione nyama kabla hajaila. Lakini tazameni ile chili. Nyama isiyogandishwa ina tatizo moja: ukishaitandaza kwenye bamba ukitarajia wateja na wasije, inakauka, huwezi kuiuza kwenye mkate. Wendy's huzikusanya pati hizo zilizoiva kupita kiasi, huzikata na kuzichemsha na nyanya, maharage na viungo mpaka zilainike. Hasara ya bamba inakuwa bakuli la supu nzito linalouzwa. Yaani chakula cha pili kwenye menyu kipo kwa sababu ya udhaifu wa chakula cha kwanza. Sijaona menyu nyingine ya baga iliyofikiriwa namna hii.

Halafu mwishoni mwa miaka ya 1980 haohao wakaweka meza ndefu ya kujihudumia: tambi, vyakula vya Kimeksiko, saladi, matunda. Meza ile ilitaka mtu wa kuijaza na kuifuta tangu asubuhi hadi usiku, na mteja alilipa bei moja akala apendavyo. Baada ya takriban miaka kumi ikawa imekwisha. Hapo hata Wendy's walijisahau.

Nifike kwenye chipsi, maana hapa nitabishana na wengi. In-N-Out ya California, iliyoanzishwa na Harry na Esther Snyder huko Baldwin Park mwaka 1948, inapendwa kwa menyu yake fupi: baga, baga ya jibini, baga ya pati mbili na jibini mbili, chipsi na vinywaji. Hawana friza, hawana maikrowevu. Baga yao ni safi na bei yake ya haki. Chipsi zao ni dhaifu, na sababu yake inajulikana: viazi vinakatwa palepale mbele ya mteja na kukaangwa mara moja tu. Kiazi kibichi kimejaa maji. Ukikitumbukiza mara moja, nje kinapata rangi kabla maji ya ndani hayajatoka, na dakika tatu baada ya kutoka kwenye mafuta, mvuke wa ndani umeshalainisha ngozi. Wajuzi wa pale huagiza zikaangwe zaidi, na hiyo peke yake inaonyesha kuna kitu hakijakaa sawa.

Shake Shack ya New York, iliyokua kutoka kibanda cha bustani ya Madison Square mwaka 2004, ilikuwa inauza chipsi za mawimbi zilizogandishwa. Mwaka 2013 wakaanza kuzibadilisha kwa chipsi zilizokatwa palepale, wakiamini "freshi" itawafurahisha watu. Wateja walilalamika. Mwaka uliofuata wakarudi kwenye za kugandishwa. Walifanya vizuri kurudi. Chipsi ya kiwandani imeshachemshwa kidogo, ikakaushwa, ikakaangwa nusu, kisha ikagandishwa. Barafu inapasua kuta za kiazi na maji yanatoka kwa urahisi inapokaangwa mara ya pili. Five Guys ya Virginia, iliyoanza mwaka 1986, imefika karibu na hapo bila friza: wanakata, wanaosha wanga, wanakaanga mara mbili kwa mafuta ya karanga. Kosa lao liko kwenye baga. Wanaifunga kwenye karatasi ya alumini, mvuke unakosa pa kutokea, na mkate unafika mezani umenywea.

Kwa hiyo neno "freshi" kwenye menyu lisikutoe akili. Nyama isigandishwe ikiwezekana. Chipsi ikigandishwa vizuri inakuwa bora kuliko ya papo kwa papo iliyokaangwa mara moja. Na ya kugandisha inaweza kutengenezwa hapahapa. Januari 2022 tawi la kampuni kubwa ya kuku nchini Kenya, KFC, liliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vilitoka ng'ambo kwa meli, katika nchi iliyojaa viazi. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Fanyeni hivi. Kata kiazi unene wa sentimita moja. Osha mpaka maji yatoke maangavu, kausha kwa kitambaa. Kaanga kwa nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi dakika nne au tano, kiive ndani bila kupata rangi. Tandaza kwenye sinia kipoe, kisha kiingie friza. Mteja akija, kaanga moja kwa moja kutoka kwenye barafu kwa nyuzi 180 hadi 190 mpaka kiwe cha dhahabu. Kikapu kisizidi nusu, vinginevyo mafuta yanapoa na viazi vinayanywa. Na viazi vibichi msiviweke kwenye friji: baridi inageuza wanga kuwa sukari, chipsi zinatoka nyeusi na zenye uchungu. Viweke mahali penye giza na hewa. Wanaotumia viazi vya aina ya Shangi wanunue kidogo kidogo, maana huchipua haraka.

Burger King ni habari ya moto na maji. Pati inapita juu ya mwali wa moto ikibebwa na mnyororo, mafuta yanadondoka na kurudi kama moshi, na ndiyo ladha yao. Gharama yake ni kwamba mafuta yaliyodondoka hayarudi, na pati ikikaa kwenye kabati la joto inakauka upesi. Baga yao ya Whopper, iliyotoka mwaka 1957 kwa senti 37, inafunika ukavu huo kwa mpangilio: nyanya, saladi ya majani, kitunguu, tango la siki, sosi ya nyanya, na mayonezi iliyopakwa kwenye mkate wa juu. Mayonezi ni mafuta, na mafuta yanazuia maji ya nyanya yasiingie kwenye mkate. Tangu Burger King ilipofungua Nairobi mwaka 2016 vibanda vingi vimeiga sura ya Whopper, lakini vingi vinaweka nyanya juu ya mkate mtupu, na baga inasambaratika mkononi.

Mwaka 2019 walileta Whopper ya nyama ya mimea. Baadhi ya wasiokula nyama wakaenda mahakamani walipojua pati ile inapita kwenye mnyororo uleule wa nyama ya ng'ombe. Hili linawahusu Waislamu walioko Minneapolis, Toronto au London kuliko wanavyodhani. Mkisoma menyu yenye nyama ya nguruwe, swali la kwanza ni nyama imechinjwa vipi. La pili ni bamba lipi linatumika. La tatu ni mafuta ya chipsi yamekaanga nini kingine. Chipsi za McDonald's nchini Marekani zina kiungo cha ladha ya nyama ya ng'ombe, na kampuni ililipa dola milioni 10 mwaka 2002 kumaliza kesi za waliokula bila kujua. Ulizeni bila haya. Mwuzaji mwaminifu hujibu maswali matatu haya kwa dakika moja.

Sasa bamba letu. Nyama ya buchani kwetu, hasa ya ng'ombe wa zebu aliyelishwa majani, haina mafuta ya kutosha kwa baga. Mwambie mchinjaji akupe bega na kidari, kisha uongeze mafuta magumu: gramu 800 za nyama kwa gramu 200 za mafuta. Vyote viwe baridi kama nyuzi 4 kabla ya kusaga. Vikiwa na joto mafuta yanapakaa kwenye nyama na pati inatoka kama lami. Saga mara moja kwa tundu la milimita nne au tano. Usitie yai, chenga za mkate wala dania. Ukivitia umepika kababu, chakula kizuri chenye heshima yake, ila hakitapata ukoko wa baga. Chumvi usiichanganye ndani pia. Chumvi ikikaa kwenye nyama ya kusaga inayeyusha protini zake na kuzigandanisha, na pati inadunda kama soseji.

Fanya vitonge vya gramu 60, viwili kwa baga moja, bila kuvikanda. Bamba lifike nyuzi 200 hadi 230. Tone la maji lipige mbio juu yake na kutoweka. Weka kitonge, funika kwa karatasi ya kuokea, bonyeza kwa nguvu kwa mwiko wa chuma sekunde kumi. Kazi hiyo ifanyike ndani ya sekunde 30 za kwanza, mafuta yakiwa bado magumu. Ukibonyeza baada ya hapo unakamua mafuta yaliyoyeyuka, na ukavu wote unaolalamikiwa mitaani unaanzia kwenye kosa hilo. Nyunyiza chumvi juu. Kingo zikiwa kahawia na juu pametoa unyevu, kama dakika moja na nusu, kwangua kwa mwiko ulionyooka ili ukoko usibaki kwenye chuma, geuza, weka jibini, toa baada ya nusu dakika. Usijaze bamba. Hata McDonald's, mwaka 2023 walipotangaza kuboresha baga zao, moja ya hatua ilikuwa kupunguza idadi ya pati zinazochomwa kwa pamoja. Nyingine ilikuwa kuweka vitunguu juu ya nyama ikiwa bado motoni.

Mkate: paka siagi kidogo, laza upande uliokatwa kwenye bamba mpaka uwe rangi ya karanga. Ngozi hiyo kavu inazuia sosi kama mayonezi inavyozuia nyanya.

Kuhusu usalama sitapunguza neno. Mwanzoni mwa mwaka 1993 watu zaidi ya 700 waliugua magharibi mwa Marekani, na watoto wanne wakafariki, kwa baga za Jack in the Box zilizokuwa na bakteria wa E. koli na hazikuiva vya kutosha. Kwenye steki, yaani kipande kizima cha nyama, bakteria wako nje, moto unawaua. Ukisaga, umewatia ndani. Nyama ya kusaga ifike nyuzi 71 katikati, na kipimajoto cha kuchomeka ni cha bei nafuu kuliko kilo chache za nyama. Pati ya gramu 60 iliyobonyezwa hufika hapo bila shida. Ni zile nene kama ngumi zinazodanganya kwa rangi. Na Oktoba 2024 ilikuwa zamu ya vitunguu: watu 104 katika majimbo 14 waliugua, mmoja akafariki, na wachunguzi wakaona chanzo kinachoelekea zaidi ni vitunguu vibichi vilivyokatwa vya kwenye baga ya robo ratili ya McDonald's. Nyama ilipikwa, kitunguu hakikupikwa. Kwa hiyo ubao wa mboga uwe peke yake, kisu peke yake, maji safi yanayotiririka, na kilichokatwa asubuhi kisifike usiku.

Mkiniuliza menyu ya kibanda ninayoipendekeza: baga ya pati moja, ya pati mbili na jibini, chipsi, mchuzi mzito wa nyama na maharage kwa pati zilizokauka, na vinywaji. Jibini moja, sosi moja, mkate wa aina moja. Mwenzako akikushauri uongeze kuku, jibu lako liwe swali: ataiva kwenye bamba lipi, na friji lipi limebaki tupu?

Bamba pale nje limewashwa tangu nilipoanza kuongea, na vitonge viko kwenye barafu. Njooni watano watano, kila mmoja abonyeze chake, na nitawahesabia zile sekunde 30.